Mkono wa Kulia Uliokataa Wali

Niliteleza kwenye tope la Mbwera nikishuka mtumbwini, nikaangukia mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Shangazi yangu, ambaye Kibiti nzima inamjua kwa kuunga mifupa, akanifunga mabanzi ya mianzi na kunikanda mafuta ya nazi, akasema nimshukuru Mungu nimempata yeye. Mfupa uliunga, sikatai. Uliunga ulivyotaka wenyewe. Kiganja kikagoma kugeuka juu: wali nikiuchota, unamwagika kabla haujafika mdomoni. Nyumbani nikawa nakula kwa kijiko, tena kwa kushoto. Shughulini, wenzangu wakizunguka sinia, mimi nasingizia nimefunga sunna. Jamani, nilifunga sana mwaka ule. Watu wakaanza kuniita mcha Mungu, na mimi njaa inaniuma.

Mwishowe nikaenda Dar kwa daktari wa mifupa. Shangazi aling'ang'ania kunisindikiza, asije mtu akamharibia kazi yake. Daktari alipiga picha mikono yote miwili, akatuonyesha kwenye kompyuta: mfupa wa kushoto umegeuzwa kama kwenye kioo, ukalazwa juu ya ule wa kulia, ili ajue pa kukata na pa kutia chuma na skrubu. Akausifu sana ule wa kushoto, akasema huo ndio atakaouiga.

Shangazi, aliyenuna tangu mlangoni, akakunjua uso.

"Huo nao niliuunga mimi," akasema, "alipoanguka mkoroshoni, angali mdogo, hata kusema vizuri hajui."

Habari hiyo hata mimi ndiyo kwanza naisikia. Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari akapima upya: kumbe na wa kushoto umepinda, kidogo tu, ila kuuiga ni kunipinda kwa mara ya pili. Akafuta mpango wote, akaanza tena kwa vipimo vya mikono ya watu wengine. Shangazi akataka kujua ni watu gani hao, na nani aliwaunga.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mazoezi ndiyo yaliyoniliza. Kisha ikaja harusi kule Umwe. Nilikaa kwenye sinia, nikachota. Kiganja kikageuka. Machozi yalinitoka mbele za watu, wala sioni haya kusema. Pembeni yangu Shangazi alikuwa anawasimulia wanawake jinsi kompyuta ya Dar ilivyotaka kuiga kazi yake, na mmoja ameshamnyooshea kidole kilichoteguka. Majibu yake nilikuwa nayo, tena ya kumtosha. Lakini mdomo ulikuwa umejaa wali, nimeutia mwenyewe kwa mkono wa kulia, basi nikamwacha aseme.