Mtihani wa Biolojia Juu ya Shimo

Siku yangu ya kwanza kazini sikufundisha neno hata moja. Prefe, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule ya sekondari huku kwetu, alinikalisha mbele ya karatasi za mtihani wa biolojia ambazo mwalimu aliyenitangulia alikuwa ameziacha kwa ugonjwa, akaniambia nizisahihishe. Nilikuwa msichana mwembamba kutoka kaskazini mwa Katanga, ndiyo kwanza nimemaliza masomo Lubumbashi, na sikuwa na mtu ninayemfahamu Kolwezi.

Nilifanya haraka ili nionekane hodari. Mchana Prefe alichukua karatasi moja niliyoipa pointi zote, akamwita mwenye karatasi. Kijana alikuwa ameandika maana ya osmosi, yaani namna maji yanavyopita katika ngozi nyembamba ya seli, bila kukosea herufi.

“Mama yako akitia chumvi juu ya samaki,” Prefe akamuuliza, “sababu gani maji inatoka mu samaki?”

Kijana aliangalia sakafu. Alipoondoka, Prefe alinirudishia karatasi.

“Mama Prof,” akaniita, kama tunavyowaita walimu wa kike huku, “huyu alikariri. ‘Ni nini’ uiachie kitabu. Weye uulize ‘sababu gani’.”

Basi hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya kupima wanafunzi. Ninyi walimu vijana mmezoea maswali ya kuchagua, mtoto anatia alama kwenye a au b, hata akibahatisha anapita. Sisi tulikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kuandika. Ya pili mchoro: mtoto anachora moyo au ua kwa penseli na kuandika majina ya viungo, na mstari wa jina ukikata mstari mwingine, pointi inapungua. Ya tatu, waliyoiogopa zaidi, ilikuwa ya vitendo. Mwanafunzi alichomoa tiketi, kijikaratasi kilichokunjwa chenye swali, kisha akasimama mbele ya jopo la walimu na kitu chenyewe kikiwa mezani. Alikata, akaonyesha, akaeleza. Tuliangalia mikono yake kama tulivyosikiliza mdomo.

Baadaye nilitumwa Dilolo, mpakani na Angola. Shule ile haikuwa na hadubini wala chupa za dawa. Mwenye mamlaka juu yangu alikuwa Mkurugenzi wa Masomo, mtu mkavu aliyevaa tai hata kwenye joto kali. Nilipomwambia kwamba mtihani wa vitendo hautawezekana, alinijibu bila kuinua kichwa.

“Mama, hapa batu banachinja mbuzi kila siku. Unakosa nini?”

Nikawa naenda sokoni alfajiri kununua mapafu ya mbuzi yakiwa bado na koo lake. Tulitia bua la mpapai ndani ya koo, mwanafunzi akapuliza, na mapafu yakajaa, ya waridi, mbele ya darasa lote. Halafu nilimuuliza: hewa imefika wapi? Nini kimetoka ndani ya damu, na nini kimeingia? Hewa hii ikikatwa, kiungo gani kitakufa kwanza? Nimeuliza maswali hayo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nami niliyaona ni maswali ya shule.

Niliporudi Kolwezi mji ulikuwa umebadilika. Kobalti ilikuwa imewaleta vijana kutoka Kasai, kutoka Kivu, kutoka kila upande. Tuliwaita kwa Kifaransa, bacreuseurs, wachimbaji wa mkono. Kwanza walichimba nje ya mji. Kisha watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao wenyewe, nyuma ya jiko, chini ya chumba cha kulala. Walitandika turubai ya rangi ya chungwa juu ya mdomo wa shimo, wakateremka kwa kamba, na huko chini kila mtu alifuata mshipa wa madini kokote ulikoelekea. Hapakuwa na aliyejua ni nani amefika chini ya nani.

Shule yangu mpya ilikuwa mtaani Manika. Maabara ilikuwa chumba cha mwisho, karibu na ukuta, na nyuma ya ukuta huo kulikuwa na viwanja vya namna hiyo. Darasa la sita, la mwisho, nilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Kalenga. Mama yake aliuza makala, yaani makaa ya kupikia. Kaka yake mkubwa, Ngoie, alichimba, na ndiye aliyemlipia masomo. Kalenga alitaka kuwa muuguzi. Alikuwa na mkono mtulivu wa kukata, na alipojibu alifikiri kwanza, jambo ambalo mpimaji yeyote hulipenda.

Asubuhi ya mtihani wa vitendo niliwapanga wote maabara. Kila meza ilikuwa na samaki na bilauri ya maji. Inspekta wa elimu alikuwa njiani. Wakati wanakata, niliona maji katika bilauri ya mbele yanatetemeka. Yalitulia, kisha yakatetemeka tena. Kalenga alinyanyua mkono.

“Mama Prof, banatumika chini yetu, banachimba.”

Tulinyamaza wote, nasi tukasikia. Tindo lilikuwa likigonga jiwe, pale pale chini ya miguu. Ufa uliokuwa kwenye kona ya ukuta, niliouona mwembamba wiki iliyopita, sasa ungeweza kuingiza kidole.

Nilikwenda mbio ofisini. Prefe wa shule hii alikuwa kijana kuliko mimi, mwoga wa wakubwa.

“Tata Prefe, tutoshe batoto inje. Sakafu inatikisika.”

“Inspekta akifika akute meza bila watu? Mama, egzame haihamishwi. Maliza kwanza.”

“Basi mi natosha batoto bangu.”

Sikungoja jibu. Nilirudi na kuwaambia waache kila kitu, watoke hadi kwenye kiwanja cha mpira. Walitoka. Nilipohesabu vichwa, Kalenga hakuwapo. Nilimkuta maabara amelala kifudifudi, anapiga sakafu kwa jiwe.

“Kalenga! Toka!”

“Ngoie iko pale chini! Leo banashuka kwa Tata Kazembe, nyuma ya ukuta. Nabapigia basikie, batoke!”

Nilimshika shati. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, lakini nadhani alinionea huruma, kwa sababu nilimwambia kwamba bila yeye sitoki. Tulikuwa tumepita mlango tu. Sauti haikuwa kubwa kama mnavyofikiri. Ilikuwa kama mtu mnene anayekaa chini kwa uchovu. Kona ya maabara ikazama, meza zikafuata, na vumbi likatoka madirishani.

Hakuna mwanafunzi aliyeumia. Kwa hilo watu walinishukuru, na Prefe naye alinishika mikono. Lakini wanaume walikuwa wanakimbilia kwa Tata Kazembe na koleo, na Kalenga alikuwa mbele yao.

Walitoa wawili wakiwa hai. Waliobaki walikuwa upande wa pili wa udongo, na Ngoie alikuwa miongoni mwao. Waliokuwa wakichimba walisikia mlio wa jiwe: ko, ko, ko. Kisha wakaacha kuusikia. Jua lilikuwa linaelekea kushuka walipomfikia. Hakuwa na jeraha. Alikuwa ameegemea ukuta kama mtu aliyepumzika.

Kesho yake Kalenga alikuja kwangu. Nilimwekea kiti, akakataa.

“Mama Prof, mutu akikosa hewa, bwongo inaishi wakati gani?”

“Dakika chache, mwanangu.”

“Lakini alikuwa anagonga. Batu banamwambia mama kama aligonga mingi.”

“Shimoni hewa inabaki kidogo. Inaisha polepole.”

“Basi uje umwambie mama. Mi nashindwa.”

Nilikwenda. Mama yake alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake wa kanisa, na viganja vyake bado vilikuwa vyeusi kwa makala. Alinishika mkono.

“Mama Mwalimu, wewe unajua mambo ya mwili. Aliumia?”

Nilimwambia kilicho kweli, kwamba hewa mbaya ikizidi katika damu, mwishoni mtu anasinzia, na hajui tena kitu.

“Na mbele ya kusinzia, kwanza alisikia nini?”

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelidai kwa wanafunzi wengi, kwa mpangilio: moyo kwenda mbio, kifua kutafuta, kichwa kuuma, hofu. Sikufungua mdomo. Aliniangalia, akaniachia mkono. Alikuwa ameelewa kunyamaza kwangu vizuri kuliko kama ningeyasema.

Inspekta aliamua mtihani urudiwe nje, kwenye veranda. Alikuwa mzee mwenye miwani minene, mtu wa sheria. Sikutegemea Kalenga aje, lakini alikuja, na shati limepigwa pasi. Alichomoa tiketi, akaifungua, akanipa. Ilikuwa kupumua. Mezani kulikuwa na mapafu ya mbuzi.

“Mheshimiwa Inspekta,” nikasema, “huyu abadilishiwe tiketi.”

“Sheria hairuhusu, Mama. Tukimbadilishia mmoja, wote watadai.”

“Acha, Mama Prof,” akasema Kalenga. “Nitajibu.”

Akajibu. Alishika kisu, akafungua koo, akaonyesha njia zinavyogawanyika hadi kwenye vifuko vidogo ambako hewa inakutana na damu. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikukatika. Alipofika kwenye kukosa hewa, alieleza kila hatua, kwa mpangilio, hakuruka hata ile ya hofu. Inspekta alivua miwani, akaangalia uwanjani. Niliandika pointi zote. Mkono wangu haujawahi kuwa mzito vile.

Diploma ya kumaliza sekondari aliipata. Uuguzi haukuwezekana, kwani aliyekuwa akimlipia hakuwapo tena. Kabla sijastaafu alikuja kunisalimia, akiwa na udongo kwenye nywele.

“Umeshuka?” nikamuuliza.

“Nitafanya nini, Mama? Mama yangu atakula nini?” Kisha akaongeza, kama anayenituliza: “Lakini mi siko mwenye kugonga jiwe. Baliniweka kwa hewa. Mashini ya kupuliza, na mupira yenye inashuka. Mi naangalia. Mutu akisema kichwa inamuuma, namutosha palepale. Bengine banakasirika, banasema naharibu kazi. Mi nabatosha tu.”

Nilistaafu mwaka huohuo. Walinipa kitenge cha wax na hotuba ndefu, Prefe mwenyewe aliisoma. Vijana wanaonirithi huja kuniuliza namna ya kutunga maswali mazuri, nami nawaeleza mchoro, tiketi na mapafu ya mbuzi. Hawajui kwamba siku hizi kila nikieleza mapafu hayo namwona yule mama mkekani, na lile swali lake bado sijalijibu. Sidhani kama kuna jopo linaloweza kulisahihisha. Nilifanya kazi yangu vizuri, hilo nalisema bila aibu, na kazi nzuri haikutosha.

Mvua kubwa ikinyesha Kolwezi, udongo unakuwa mzito na mashimo yanaanguka. Siku hizo huwa nampigia Kalenga simu. Akipokea, namuuliza tu kama amekula.