Sindano Iliyoachwa Njiani

Clotilde alitafuta kitambaa cha blanketi la mjukuu atakayezaliwa. Katika rundo la salaula, zile nguo za mitumba za soko la Nchelenge, akakuta blanketi la viraka lililoshonwa nusu, sindano ikiwa bado imechomekwa.

"Acha, Mama Clotilde!" alisema jirani yake Priscille. "Pengine mwenyewe alishakufa."

"Ao alichoka tu. Weye, haukuachaka kazi katikati?"

Priscille akacheka. "Sweta ya bwana yangu iko mu sanduku tangu Noeli."

Clotilde akapapasa viraka. Vyote vilikatwa kutoka nguo za mtoto, zilizofuliwa mpaka zikalainika. Nani alishona, na kwa nini aliacha? Hakujua, ila aliona kwamba mshonaji huyo naye alikuwa akimngojea mtoto.

Akalinunua. Nyumbani alitia uzi katika sindano ileile, akaendelea pale mshono ulipoishia.