Debe la Unga Chumbani kwa Bibi

Siku hizi kazi yangu hunipeleka kwenye semina za ubunifu, ambako tunabandika vikaratasi vya rangi ukutani na kuhimizwa tulijue tatizo kabla ya kukimbilia suluhisho. Kila nikisikia hayo nawakumbuka wazazi wangu. Wao waligombana juu ya jambo hilo hilo, tena bila vikaratasi.

Babu alipofariki, baba alimchukua bibi, mama yake mzazi, kutoka Handeni aje kuishi nasi Korogwe. Bibi hakuzoea. Kila asubuhi alisema anataka kurudi kwake, na huko hakukuwa na mtu wa kubaki naye. Baba aliogopa angekuja kumkuta ameanguka ndani peke yake.

Baba ni mtu wa kutengeneza. Bibi akilalamikia usingizi, baba anabadilisha kitanda. Akilalamikia joto, baba anaweka dari. Alimpangia hata mafiga uani ili asihangaike na jiko la gesi. Bibi alishukuru kwa kila kimoja, kisha akafunga tena kanga zake kwenye furushi. Mimi nilikuwa upande wa baba, maana kile kitanda kilikuwa kizuri kuliko changu.

Mama, Mshambaa asiyependa haraka, hakutengeneza chochote. Alikaa na bibi akimsikiliza akisimulia jinsi majirani wa Handeni walivyokuwa wakimbishia hodi kutwa: huyu anataka chumvi, huyu ungo, huyu kaa la moto.

"Mama yako hakosi kitu," mama alimwambia baba. "Ila hapa hakuna anayemwomba kitu. Tumemfanya mgeni."

"Mama yangu mzazi awe mgeni kwangu?"

"Kila akishika kazi tunamwambia apumzike. Anayeambiwa hivyo ni nani kama si mgeni?"

Kesho yake mama alihamishia debe la unga chumbani kwa bibi. Tangu hapo, kila jioni mama alikwenda na bakuli mpaka mlangoni pale, akainama, akaomba unga wa ugali. Baba alikasirika. Alisema mama yake amegeuzwa mtunza stoo uzeeni. Mama alimwacha aseme.

Mwanzoni bibi alipima kwa wasiwasi. Haukupita muda akaanza kufoka. Nani kamwaga unga huu? Mbona jana mmebakiza ugali? Hakupima mpaka aambiwe nani anakula nyumbani na nani kaenda wapi. Nilimpenda zaidi alipoanza kutugombeza, na hadi leo naitamani sauti ile.

Kisha binamu yake baba, aliyekuwa akielekea Handeni na gari, akapita kumchukua, kama bibi mwenyewe alivyokuwa amemwomba zamani kidogo. Baba alisimama uani. Bibi alitoka na unga mikononi.

"Umenikuta vibaya, mwanangu," alimwambia binamu. "Nikiondoka, hawa nani atawapimia?"

Baba aliingia jikoni haraka. Nadhani hakutaka tumwone machozi. Alipotoka alikuwa na bakuli, akaenda kusimama mbele ya mama yake.

"Mama, naomba unga."

Bibi alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mko wangapi?" akauliza.