Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Mwalimu Mideva hakuwa mtu wa kelele. Mwenye kelele ni mimi, na wanaonunua omena, wale dagaa wa ziwani, kwangu hapa mtaani Kisumu Ndogo wananijua. Lakini nikianza habari yake sauti hushuka yenyewe, kwa sababu mtoto wangu Trizah yumo ndani.

Trizah alikuwa na kigugumizi kibaya. Akijaribu neno darasani, wenzake wanalimalizia kwa kicheko. Alifika darasa la sita hajawahi kujibu swali. Mideva, aliyefundisha kwenye ile shule ya mabati ya kanisa, aliniambia, "Mama Trizah, huyu maneno anayo. Yamekwama tu mlangoni." Mimi nilikuwa nishakata tamaa.

Mwaka wa ile mvua ya El Niño, mgeni mmoja akaiachia shule kompyuta. Moja, ya watoto wote. Walimu wengine walitaka ifungiwe ofisini. Mideva akakataa, akawapanga watoto watano watano waandike pamoja habari za mtaa wetu: kila mmoja sentensi yake kwa zamu, kisha kundi zima lisome kwa sauti. Stima tulivuta kwa waya kutoka baa ya jirani.

Zamu ya Trizah ikafika. Akabonyeza herufi moja moja, wenzake wakingoja, maana kiti kilikuwa kimoja na ilibidi wangoje. Ikatokea hivi: "Mama akianika omena, paka hupiga foleni kama watu wa kliniki." Kundi likasoma, darasa likaangua kicheko, na siku hiyo hawakuwa wakimcheka yeye. Kuanzia hapo wakibishana wanamsogezea kiti. "Trizah, wewe unasemaje?" Nilipoambiwa, nililia pale pale mezani kwangu mbele ya wateja.

Sasa sisi kina mama, kitu cha heshima hatukiachi uchi. Redio ina kitambaa, kiti kina kitambaa, hata chupa ya chai. Kageha, mwenyekiti wa wazazi, akashona kimoja kikubwa cha maua, na kwa vile paa lilivuja, akatandika karatasi ya nailoni chini ya kitambaa. Mideva akashukuru. Angekataaje? Aliomba jambo moja tu: kabla ya kuwasha, vyote vitolewe. Watoto wakalishika hilo.

Pasta Ambrose hakulishika. Jumapili moja alipata wageni, akataka waione ikiwaka. Akafunua mbele tu, kama shela ya bibi harusi, akawasha, akaiacha hivyo, tukaingia ibadani. Na ibada zetu mnazijua urefu wake. Tulikuwa bado tunaomba harufu ilipotufikia. Nailoni ilikuwa imeyeyuka ikaingia ndani.

Mideva angegombana na nani? Shule ni ya kanisa, kitambaa ni cha upendo. Mimi ningefoka mpaka mtaa wa pili, Ayany, wanisikie, lakini hata mimi nilikosa wa kumfokea. Mideva aliipakia kompyuta kwenye mkokoteni mpaka Kawangware kwa fundi wa televisheni. Fundi akaifungua, akaifunga. "Mwalimu, hii imekwisha." Mgeni aliyetuachia naye alikuwa amesharudi kwao.

Makundi Mideva hakuyavunja. Alileta vibao na chaki. Wengine wakaendelea kubishana, midomo wanayo. Trizah aliandika kwenye kibao chake, lakini akikiinua, wenzake wako kwenye jambo lingine. Mideva aliwasihi wamngoje. Walingoja siku mbili hivi, wakasahau. Watoto ni watoto.

Kageha alikifua kile kitambaa, akaifunika tena kompyuta iliyokufa. Jioni moja nilipomfuata Trizah shuleni, nilimkuta amekiinua kidogo, anabonyeza. Mideva alikuwa amechuchumaa kando yake.

"Unaandika nini, mama?" Mideva akamuuliza.

Trizah akafungua mdomo. Mideva akangoja, nami nikangoja mlangoni, mpaka watoto wote wakawa wameondoka. Kisha mtoto wangu akatikisa kichwa, akakiteremsha kitambaa, akakinyoosha vizuri.