Siku Niliyowawinga Tumbusi

Wanaonijua kwa kuzunguka minadani Ifakara nikiwaomba watu wasiwaue tumbusi, walisikia kwamba siku moja nilikuwa porini huku Mofu nikiwapiga tumbusi hao hao kwa mabonge ya udongo. Walicheka sana. Wacheke tu, hata kesho ningerudia.

Asubuhi hiyo jirani yangu, mke wa mfugaji, alinifuata jalubani nikiwinga ndege wasimalize mpunga. Simba alikuwa ameua ng'ombe wao, na mumewe ameupaka mzoga dawa ya wadudu ili simba akirudi kula, afe. Simba angerudi usiku. Tumbusi hawangoji usiku. Niliondoka na kombeo langu, mpunga nikawaachia kwelea.

Nilipofika, tumbusi mmoja alikuwa amekwisha kula. Alilala ubavuni pa ng'ombe, bawa limekunjuka, amekufa. Iliniuma, lakini wenzake walikuwa wanashuka. Nikawarushia udongo. Wakapaa, wakashuka, nikarusha tena, mpaka bega likawaka moto.

Mfugaji akaja na fimbo yake. Nilimpa shikamoo, hakuitikia.

"Ng'ombe ni wangu, mama. Na mzoga ni wangu."

"Ndege si wako, mzee. Siondoki mpaka tuuchome."

"Utachoka."

"Mimi ni mkulima wa mpunga. Kuwinga ndege sichoki."

Akakaa kivulini kungoja nichoke. Nilikuwa na hasira naye, na huruma pia, maana ng'ombe yule ndiye aliyewapa wajukuu wake maziwa. Ile hotuba yangu ya mnadani, ya mizoga kuoza na magonjwa kuenea, niliiacha. Nilimwuliza tu alimpataje ng'ombe wake kwenye majani yanayomzidi mtu kimo.

Akainua kidevu kuelekea tumbusi waliokuwa angani.

"Hao ndio walionionyesha. Hata kule kwetu kanda ya ziwa, ng'ombe akipotea tunawatazama wao."

"Na akipotea mwingine, utamtazama nani?"

Akachora chini kwa fimbo. "Na simba je?"

"Zizi lako lina matundu. Kesho nakuja na wanangu, tunaliziba kwa miiba."

Aliinuka akaondoka. Nilidhani amenipuuza, kumbe amekwenda kumwita mkewe. Walirudi na kuni na mafuta ya taa. Tulichoma tukiupa moshi mgongo, na yule ndege aliyekufa mfugaji alimwinua mwenyewe kwa miti miwili, akamweka motoni mbwa wasije wakamla. Tumbusi wengine walitutazama kutoka mitini mpaka jioni, wakaenda zao na njaa.

Masika yaliyofuata simu yangu ililia. Alikuwa yule mfugaji.

"Mama, ng'ombe amekwama matopeni, amekufa. Sijaweka kitu. Wale wako wameanza kushuka, na mimi nimekaa hapa nawafukuzia mbwa."