Nukta Nyekundu kwenye Friji ya Baba

Mdogo wangu tulimwita Nyuzi, na jina alijitakia mwenyewe. Ukimsalimia asubuhi atakujibu, kisha atakuambia nje ni nyuzi joto ngapi. Mama, alipokuwa hai, alisema huyu siku akipata mchumba ataanza kwa kumpima homa. Mchumba hakupatikana. Nyuzi alipata kazi ya ufundi katika maabara ya chuo, akafunga ndoa na friji.

Si friji hizi za umeme. Yake inaendeshwa kwa moto. Gesi inawaka chini, inachemsha maji yenye amonia. Amonia inapanda kwenye mabomba, inapoa, inarudi kunywewa na maji, na katika kuzunguka huko ndani panakuwa na baridi. Haina mota wala kelele. Ananieleza kila mwaka, na kila mwaka naitikia kama nimeelewa. Kazi yake ni kuiunda friji hiyo upya ndani ya kompyuta, kwa hesabu tupu, halafu kuiuliza: moto ukiwa kiasi hiki na chumba kikiwa na joto hili, ndani patakuwaje? Miaka tisa anauliza hivyo.

Baba alipoanza kujidunga insulini, Nyuzi alituletea friji ya aina hiyo, maana umeme wa mtaa wetu unakuja ukijisikia. Kilikuwa kipindi cha joto kali. Aliiweka kwenye ukumbi mdogo wa nyuma ya jiko, akaning'iniza nyaya za vipimajoto mpaka baba akauliza kama mgonjwa ni yeye au friji. Siku tatu alikaa kwenye kigoda, kompyuta magotini, akitafuta moto mdogo kabisa utakaotosha saa nane mchana, bati likiwa linachoma. Alipoupata aliniomba rangi ya kucha. Akapaka nukta nyekundu kwenye kitufe cha kuzungushia moto.

"Baba, iwe hapa hapa. Asiguse mtu."

"Aguse nani, na mimi nipo?"

Baba alikuwa fundi cherehani. Maisha yake yote alipitisha mkasi palipochorwa chaki, na alama kwake ilikuwa alama.

Joto likaisha, baridi ikaingia. Asubuhi moja nilimkuta ameketi kitandani, kichupa cha dawa kikiwa katikati ya viganja, akikisugua taratibu.

"Imeganda," aliniambia, uso umejaa fahari. "Friji ya mwanangu haina mchezo."

Niliona kwa macho yangu akiiyeyusha na kujidunga, na nikaona siku nyingi baada ya hiyo. Nilikwenda zangu kuchemsha chai. Jumapili alimpigia Nyuzi simu akamwambia friji inagandisha kila kitu, na Nyuzi akacheka kwa furaha. Alidhani ni maji ya kunywa. Akauliza kama kitufe kingali kwenye alama.

"Hakijasogea hata unywele," baba alisema.

Sukari ikapanda. Daktari akaongeza dozi, ikapanda tena. Akasema mzee anakula ovyo, nami nikarudi nyumbani kumgombeza baba kwa vitu ambavyo hakula. Aliniapia, mzee mzima, kwamba hajagusa, na sikumwamini. Hilo linaniuma mpaka leo. Kidonda kilichomtoka kwenye kidole kikawa kidonda cha mguu.

Siku ya pili baada ya baba kukatwa mguu chini ya goti, mimi na Nyuzi tulikuwa wodini, tumeleta mfuko wa dawa zake za nyumbani. Muuguzi alitoa kichupa kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mlielea chembechembe nyeupe.

"Mzee, hii iliwahi kuganda?"

"Kila asubuhi," baba alijibu. "Friji yetu ni nzuri."

Muuguzi akatueleza kwamba insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

Tuliporudi nyumbani alifungua kompyuta, akaiingizia asubuhi ya baridi na moto ule ule wa nukta nyekundu. Jibu lilikuja kwa sekunde nne: nyuzi mbili chini ya sifuri.

"Sikuwahi kuiuliza hili, dada," alisema.

Kichupa kile nilikuwa nakiona mimi.

Baba aliporuhusiwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kukunja mguu mmoja wa suruali na kuushona mwenyewe, vizuri, kwa mkono. Alikuwa bado na sindano mkononi Nyuzi alipopiga magoti mbele ya kiti chake akamweleza yote, bila kujitetea. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akakata uzi kwa meno.

"Basi pima tena, baba," alimwambia. "Unipakie alama nyingine. Safari hii nitakuwa makini, nisikosee tena."

Nilileta rangi ya kucha. Nyuzi alichovya kibrashi, akainama mbele ya kitufe, kisha akakiacha kibrashi hewani. Rangi ilidondokea sakafuni. Baba alikuwa amenyoosha shingo kutoka kwenye kiti, akisubiri aone ni wapi hasa.