Kimya cha Saa Saba

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nikiona jirani amenunua sukari nyingi kuliko kawaida, nataka kujua anamkaribisha nani. Kwa hiyo mume wangu, ambaye ni tabibu, alipohamishiwa zahanati ya mbali kaskazini, huko kwenye vinamasi, nilijua nitateseka. Huko hakuna mnara wa simu. Kuna redio tu, ile ya masafa marefu, na mwendeshaji wa redio katika ofisi ya shirika letu hapa Atlabara, mtaa wa Juba, ni mimi mwenyewe.

Asubuhi na jioni vituo vyote huitwa kwa zamu, kila kimoja kiseme hali yake, kikimaliza kiseme "ova" ili mwingine ajibu. Mambo ya nyumbani yana wakati wake: saa saba mchana, wakubwa wakiwa wameenda kula. Siri hakuna, maana kila mwenye redio anasikia, na wanasikiliza kweli. Ukimwambia mumeo una hamu naye, kesho mtu wa kituo kingine atakuuliza kama hamu imepungua.

Mwanzoni mume wangu hakuniangusha. Kisha kimya kikaanza. Si kila siku, ila kikija huja mchana. Namwita, namwita, hata ule mvumo wa kawaida unafifia, kana kwamba redio imefunikwa blanketi. Jioni anasikika vizuri kabisa.

"Saa saba ulikuwa wapi, baba watoto? Ova."

"Nilikuwepo. Wewe je? Ova."

Wewe je! Mwenye hatia ndiye hujibu swali kwa swali. Pale zahanati kulikuwa na muuguzi mpya, nilishamsikia akicheka nyuma ya sauti ya mume wangu. Nikawauliza wa vituo vingine kama walimsikia mume wangu mchana. Wote wakasema hapana, hawakusikia mtu yeyote. Nikajua amewapanga.

Nikamwita fundi wa redio, Mganda mmoja mpole. Alipanda juu ya paa akakagua waya, akashuka, akaifungua redio, akaifunga.

"Redio iko muzima, mama. Shida iko kwa jua."

"Jua gani? Si lile lile la tangu nizaliwe?"

Akacheka. Akanieleza kwamba sauti zetu hurushwa juu, zikagonga tabaka fulani la anga na kurudi chini. Jua nalo lina miaka ya kulala na miaka ya kuamka, linapanda na kushuka kwa miaka kumi na moja hivi. Likiwa limeamka hulipuka ghafla, na mlipuko huo ukilivuruga anga, upande wenye mchana sauti humezwa huko huko juu. Panapoumia zaidi ni pale lilipo utosini. Ndiyo saa saba yetu ya Juba.

"Hii miaka iko ya kuamka, mama. Ngoja itulie."

Nilimtazama akikusanya bisibisi zake, nikajiuliza mume wangu amemwahidi nini.

Siku chache baadaye kimya kikarudi. Niliacha kila kitu nikavuka barabara hadi kwa Msomali wa duka la jumla, mzaliwa wa Kenya kama mimi, ambaye ana redio yake ya kuongea na nduguye aliyeko Malakal. Nilitaka nione kwamba yake inafanya kazi. Nikamkuta ameshika kipaza sauti, shingo imemtoka mishipa.

"Dada, na wewe umepotelewa? Huyu ndugu yangu ananikwepa mchana mchana. Wallahi, nilishatafuta mtu wa kwenda kumchunguza!"

Nikakaa juu ya gunia la mchele. Mume wangu ni mjanja, lakini si wa kumpanga hadi Msomali na nduguye wa Malakal. Basi lilikuwa jua. Niliona haya, kisha nikaona raha, nikacheka peke yangu njia nzima.

Jioni nilimwita kwa sauti niliyokuwa sijaitumia kwa muda mrefu.

"Baba watoto, nakusikia vizuri sana leo. Ova."

"Saa saba ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa redioni."

"Na wiki iliyopita? Nakuita, kimya. Nimeuliza vituo vingine, eti nao hawakukusikia. Umewapanga?"

"Ni jua," nikasema. "Fundi amenieleza. Jua lina miaka ya kulala na miaka ya kuamka..."

Nilisikia mwenyewe jinsi ninavyosikika. Vituo vyote vilikuwa vinasikiliza.

"Jua," akasema. "Wewe uko Juba, mjini, na watu wote hao, halafu unaniambia jua."

Sauti ilikuwa safi kabisa. Nilimsikia hata akivuta pumzi, kisha akazima redio, na safari hii jua lilikuwa limeshazama.